Chakula cha Miezi Mitatu



Nimeombwa nizungumze juu ya misaada kwa watu waliokimbia vita na ambao sasa wanarudi kwao. Mada hiyo ingeweza kutupeleka Sudan, Syria au Msumbiji. Nimeona tubaki hapa hapa Kigoma. Mkoa huu ulikuwa ukipokea wakimbizi kabla wengi wetu hatujazaliwa, na mpaka wa Burundi tunaujua kuliko wataalamu wanaokuja kwa ndege na kuondoka kesho yake. Muha na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Tumeuziana ndizi na maharage, tumeoana, na tumezikana. Kwa hiyo nitazungumzia Warundi waliokimbilia Tanzania, na zaidi wale waliorudi.

Hoja yangu naiweka wazi mapema ili mwenye kuipinga ajiandae. Kwa miaka mingi tumepima kurudi kwa wakimbizi kwa idadi ya mabasi yaliyovuka mpaka. Kipimo hicho ni rahisi, wafadhili wanakipenda, na kinatudanganya. Mtu amerudi siku anapovuna katika shamba ambalo hakuna atakayekuja kumwondoa. Misaada yetu imekuwa ikimwacha njiani, mbali sana na siku hiyo.

Tuanze na safari yenyewe, maana wengi mmeiona ikipita barabarani. Mkimbizi aliyeamua kurudi anaandikisha jina lake na majina ya watu wa kaya yake. Anatia sahihi, au dole gumba, kwenye fomu inayosema kuwa anakwenda kwa hiari. Siku ikifika anapimwa afya, anapanda basi, mizigo inapakiwa kwenye lori, na msafara unaelekea mpakani. Wanaokwenda Makamba wanapitia Manyovu na kutokea Mugina. Upande wa pili wanapokelewa kwenye kituo cha muda. Hapo kila kaya inapewa fedha taslimu kidogo, vyombo vya nyumbani, na chakula cha miezi mitatu. Kisha inapelekwa kwenye tarafa yake, na kutoka hapo hadi kwenye kilima chake. Wenzetu wa Burundi hawakai vijijini kama sisi. Wametawanyika kilima kwa kilima, na kilima ndicho anwani ya mtu.

Taarifa kwa waandishi wa habari inaishia hapo: leo wamerudi mia tano, mwezi huu elfu mbili. Sasa tuchukue kalenda ya mkulima tuiweke pembeni ya taarifa hiyo. Burundi ina misimu mitatu ya kilimo. Ule wa kwanza, agatasi, mbegu zinaingia ardhini Septemba na Oktoba, na mavuno ni Januari hadi Februari. Wa pili, impeshi, unapandwa Februari na Machi, unavunwa Juni. Wa tatu, ici, ni wa kiangazi, na unalimwa mabondeni penye unyevu, kwa wale wenye sehemu bondeni. Familia inayofika Novemba inakuta jirani ameshapanda, anapalilia. Chakula chake kinaisha Februari, mwezi ule ule inapotakiwa kuwa na mbegu mkononi. Ikipanda maharage wakati huo, itayala Juni. Kuanzia Februari hadi Juni inakula nini? Inauza blanketi na sufuria ilizopewa. Watu wazima wanakwenda kufanya kibarua kwa jirani, na mtoto anatolewa shuleni ili naye asaidie. Wengine wanavuka tena mpaka kimyakimya, wanakuja kulima mashamba yetu huku kwa ujira mdogo, na sisi tunashangaa: si walisharudi hawa?

Hesabu hiyo haihitaji shahada. Mkulima yeyote wa Buhigwe angeifanya akiwa amekaa kibarazani. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi misafara imepangwa kwa kufuata bajeti, hali ya barabara na maazimio ya vikao vya serikali, na msimu ukawa jambo la bahati.

Tena nimekuwa mkarimu. Hesabu yangu imechukulia kwamba shamba lipo. Hapo pana kisa kirefu, na naomba mnivumilie, kwa sababu bila kisa hicho hatuwezi kuelewa kwa nini misaada mizuri imezaa matunda machache.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, hasa upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi wakauawa, wengi wao Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji ya Wahutu yaliyoenea nchi nzima. Waliosoma walitafutwa kwa majina: walimu, makarani, wauguzi, hata wanafunzi madarasani. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Warundi wanauita wakati ule Ikiza. Walionusurika walivuka Ziwa Tanganyika na mito ya mpakani, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere ikawapa makazi matatu: Ulyankulu katika Tabora, kisha Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, haya mawili yakiwa katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi.

Waliitwa wakimbizi wa makazi, na mahali pale palikuwa tofauti kabisa na kambi. Kila familia ilipewa eneo la kulima, hekta tano hivi, porini, penye mbung'o na miti ya miombo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali iliuchukua msemo huo kama ulivyo ikaufanya sera. Walifyeka, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku. Katikati ya miaka ya 1980 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilishakabidhi makazi yale kwa serikali kwa sababu watu walikuwa wanajilisha wenyewe. Mwaka 1983 Mwalimu alipewa Nishani ya Nansen kwa namna nchi yake ilivyowatendea wakimbizi, na nadhani ni miongoni mwa nishani chache tulizopewa zilizostahili hadi senti ya mwisho.

Huku nyuma, kule Rumonge na Nyanza-Lac, ardhi haikubaki tupu. Ule ni ukanda wa ziwani, una rutuba, unazaa michikichi, na mawese ni fedha. Sehemu ya ardhi iliingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi. Sehemu iligawiwa kwa watu waliotoka milimani, wengine wakiwa na karatasi halali za serikali. Wengine waliuza, walionunua wakauza tena, na baada ya miaka ishirini mwenye shamba alikuwa mtu wa tatu au wa nne, aliyenunua kwa jasho lake na asiyemjua kabisa aliyekimbia. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1986. Sheria ile ilisema aliyekaa juu ya ardhi miaka thelathini bila kusumbuliwa anakuwa mwenyewe.

Chukueni 1972, jumlisheni thelathini. Mnapata 2002. Na 2002 ndio mwaka ambao UNHCR ilianza kuwasaidia Warundi walioko Tanzania kurudi makwao kwa utaratibu uliopangwa. Sisemi kuna aliyepanga iwe hivyo. Nasema tu kwamba basi la kwanza lilipovuka mpaka, saa ya sheria ilikuwa inagonga upande wa yule aliyebaki.

Kulikuwa na ahadi nyingine, kinyume cha ile ya sheria. Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini. Mwalimu ndiye aliyeanza usuluhishi ule. Alipofariki Oktoba 1999 kazi ikamaliziwa na Nelson Mandela. Itifaki ya Nne ya mkataba huo inasema kila mkimbizi anayerudi lazima aweze kupata mali yake, hasa ardhi, na pale isipowezekana apewe fidia ya haki. Hivyo shamba moja la michikichi likawa na watu wawili, kila mmoja akiwa na ahadi ya dola mkononi. Na nchi yenyewe ni kilomita za mraba zisizozidi 28,000, imejaa watu kuliko karibu nchi yoyote ya bara letu, na zaidi ya wanane katika kila kumi wanaishi kwa jembe. Hapakuwa na ardhi ya akiba ya kumhamishia mmoja wao.

Kati ya 2002 na 2009 walirudi watu wapatao nusu milioni. Mwaka 2006 serikali iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo, ile Warundi wanayoiita CNTB. Chini ya Padri Astère Kana, Tume ilipendelea kupatanisha: wagawane, nusu kwa nusu, waishi jirani. Wapo waliokubali, na wazee wa busara wa vilima, wale bashingantahe, walisaidia sana. Lakini ukipewa nusu ya shamba ambalo babu yako alilifyeka lote, unaondoka na manung'uniko. Padri Kana alifariki, na mwaka 2011 akaja Askofu Sérapion Bambonanire na msimamo mwingine: mwenye mali arudishiwe mali yote. Hata mashauri yaliyokwisha kugawanywa yakafunguliwa upya. Sasa aliyefukuzwa akawa yule mnunuzi wa tatu au wa nne, na wanawe, bila senti. Mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya ardhi. Mapema mwaka 2015 shughuli za Tume zilisimamishwa kwa muda kutokana na ghasia za ardhi huko Makamba. Mwaka 2022 muda wake ukaisha.

Nimewasikia watu wakibishana kwa hasira kuhusu nani alikuwa sahihi, Padri au Askofu. Mimi naona ni ubishi uliokosa shabaha. Padri alitafuta amani kwa kumpunja aliyerudi. Askofu alitafuta haki kwa kumfanya aliyebaki kuwa mkimbizi wa ndani. Wote wawili waliachwa bila kitu kimoja ambacho Arusha ilikitaja waziwazi, nacho ni fedha ya fidia. Kama kungekuwa na mfuko wa fidia wenye fedha ndani, mnunuzi angelipwa, mkimbizi angerudi kwenye shamba lake, au mkimbizi angelipwa na mnunuzi abaki. Mfuko huo haukupata fedha. Wafadhili walilipia mabasi, mahema, mahindi, sabuni, chanjo, semina za maridhiano na fulana zilizoandikwa amani. Fidia haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote, kwa sababu fidia huhesabiwa kuwa jambo la sheria na siasa, na misaada ya kibinadamu, tunaambiwa, haiingilii siasa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa mashirika, na nawaheshimu. Familia inayolala nje kwa sababu imeshindwa kesi ya ardhi ina njaa ile ile ya familia inayolala nje kwa sababu ya bomu. Kama lengo ni kuzuia njaa na kuzuia kukimbia kwa mara ya pili, basi fidia ya shamba la Nyanza-Lac ingekuwa msaada wa kibinadamu kuliko lori lolote la unga lililopita Manyovu.

Palikuwa na jaribio la kuwasaidia wasio na ardhi kabisa. Vilijengwa vijiji vilivyoitwa vya amani, kama kile cha Mutambara karibu na Rumonge, ili waliorudi bila mahali pa kwenda wakae pamoja na watu wengine wasio na makao. Nyumba zilikuwa imara, zenye bati. Tatizo lilikuwa shamba: dogo, au mbali, au halipo. Mkulima aliyewekwa kwenye nyumba nzuri isiyo na shamba atakuwa kibarua wa jirani yake maisha yake yote, na watoto wake nao.

Mwanamke ana mzigo wa ziada. Burundi haina sheria ya mirathi inayompa binti haki ya ardhi ya baba yake. Mila ndiyo inayoamua, na mila inampa haki ya kutumia, si ya kumiliki. Mjane anayerudi na watoto waliozaliwa Tanzania, mume amezikwa katika kambi ya Mtabila au makazi ya Katumba, anakwenda kudai nini na kwa nani? Mashemeji hawawajui watoto. Watoto wenyewe hawana cheti wala karangamuntu, yaani kitambulisho, na wengi wa kizazi cha makazi wanazungumza Kiswahili cha Mpanda kuliko Kirundi. Darasani wakakuta Kirundi na Kifaransa. Vijana waliofika sekondari hapa walirudishwa madarasa ya chini wakakaa na watoto wadogo, na wengi waliacha shule kwa aibu.

Sasa tugeuke tuangalie upande wetu, maana si vizuri kukaa Kigoma kuisema Burundi peke yake.

Mwaka 2007 serikali yetu, Burundi na UNHCR walifanya jambo ambalo sijui nchi nyingi zilizothubutu kulifanya. Waliwahesabu watu wa makazi yale matatu, wakapata takribani 218,000, na wakamuuliza kila mtu: unataka kurudi Burundi, au unataka uraia wa Tanzania? Karibu wanne kati ya watano walichagua kubaki. Zaidi ya watu 50,000 wakarudi. Naomba mlione hilo vizuri. Walioulizwa kwa dhati, wakiwa na shamba na tumbo limeshiba, walijibu kwa akili. Kila mzee alipima ardhi aliyo nayo Mishamo na ardhi anayoikumbuka Rumonge, akaamua. Hata waliorudi walirudi kwa uamuzi wa namna hiyo hiyo.

Utekelezaji ndio uliotuangusha. Watu 162,000 hivi walikubaliwa uraia mwaka 2010, baada ya kuukana uraia wa Burundi, lakini wakaambiwa wahame makazi wakatawanywe katika mikoa mingine ndipo wapewe vyeti. Mpango ulikwama. Kwa miaka minne hawakuwa Warundi na hawakuwa na karatasi ya Utanzania. Hatimaye, mwishoni mwa mwaka 2014, wakati wa Rais Kikwete, vyeti vilianza kutolewa na wakaruhusiwa kubaki walipo. Tulichelewa, lakini tulifika, na Katumba leo ina wapiga kura.

Wakimbizi wa baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, hawakuulizwa hivyo. Tanzania ilikuwa imebadilika. Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu wakaingia Ngara. Misitu ikaisha, bunduki zikaenea, na ahadi za wafadhili zikachelewa. Desemba 1996 Wanyarwanda wote wakaambiwa waondoke kabla ya mwaka kwisha, na jeshi likahakikisha wameondoka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliweka msingi wa maisha ya kambi: kukaa ndani, kutoka kwa kibali, na kula cha mgao. Jembe likapigwa marufuku. Mtabila, hapo Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na zaidi ya watu 30,000 waliokuwa wamesalia wakasafirishwa katika wiki za mwisho, huku wengi wao wakisema hawako tayari. Miaka miwili na nusu baadaye, baadhi yao walikuwa wamekimbia tena kuja huku huku.

Mwezi Mei 2015 mnaukumbuka wenyewe. Rais Nkurunziza wa Burundi alitaka kugombea muhula wa tatu, nchi ikachafuka, na watu wapatao 50,000 wakajazana kijiji cha Kagunga, penye ukanda mwembamba kati ya ziwa na mlima. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani, ikawa inawaleta mjini mamia kwa mamia, na watu wa Kigoma wakapeleka maji na vyakula bila kuombwa barua. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikafurika. Zikafunguliwa tena Nduta na Mtendeli. Warundi waliofika nchini mwetu katika wimbi lile walikaribia robo milioni.

Halafu milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Mpango wa kuwapa wakimbizi fedha badala ya chakula ulioanza mwishoni mwa mwaka 2016 ulisimamishwa mwaka uliofuata. Julai 2017, Ngara, Rais Magufuli akiwa na mgeni wake Rais Nkurunziza, aliwaambia wakimbizi warudi kwao. Septemba misafara ikaanza. Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwaingiza wakimbizi katika uchumi wa nchi zinazowapokea. Masoko ya kambini yakafungwa. Mgao wa chakula ukapunguzwa tena na tena, na Juni 2023 ukafika nusu ya kile kinachohitajika. Mtendeli ilifungwa Desemba 2021.

Nataka kuwa wa haki. Nchi yetu haina deni la ukarimu kwa mtu yeyote duniani, na baadhi ya wanaotuhubiria kutoka miji tajiri wamewapokea wachache mno kuliko wilaya ya Kibondo peke yake. Chakula kinapopunguzwa, si serikali yetu inayopunguza. Ni mfuko wa dunia unaokauka. Tena wapo wengi waliorudi kwa moyo mkunjufu, hasa baada ya Nkurunziza kufariki Juni 2020 na Évariste Ndayishimiye kushika urais. Kufikia mwaka 2022 waliorudi Burundi kutoka nchi zote tangu 2017 walikuwa zaidi ya 200,000. Mtu kupakumbuka kwao ni jambo la kawaida, na hakuna anayefurahia kuzeeka ndani ya uzio.

Lakini Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao sisi tuliusaini na tukajivunia, unasema katika kifungu cha tano kwamba hiari ya kurudi iheshimiwe katika kila hali, na mkimbizi asirudishwe bila kutaka. Mtu aliyezuiwa kulima, akafungiwa soko, akapunguziwa chakula hadi nusu, kisha akaletewa fomu ya hiari: sahihi yake ina thamani gani? Hakimu wa mahakama ya mwanzo asingeikubali kwenye mauzo ya ng'ombe.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Aliyerudi kutoka Mishamo alirudi na mbegu, baiskeli, cherehani, akiba ya tumbaku, na mikono iliyozoea kazi. Aliyerudi kutoka Nduta baada ya miaka mitano ya mgao alirudi na turubai. Kilima kinachompokea maskini wa namna hiyo hakimpendi, kwa sababu atakula cha wenye nacho kidogo. Kwa hiyo msaada kwa anayerudi unaanza huku uhamishoni, siku anayoruhusiwa kulima robo ekari na kuuza fungu la mchicha. Tukimnyima hilo kwa hoja ya kuharakisha kurudi kwake, tunamrudisha akiwa mzigo kwa jirani, na jirani akimchoka tutamwona tena Manyovu. Na Burundi yenyewe sasa inapokea: tangu mwanzo wa 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo wamekimbilia huko kutoka Kivu, na wanagombea unga ule ule na wale tuliowarudisha.

Wanafunzi wameniuliza kabla ya mhadhara: sasa tufanye nini? Mambo makubwa mnayajua. Chakula kifike mavuno ya pili badala ya kuhesabiwa miezi. Misafara ifike Agosti, kabla ya agatasi, na mbegu ziwemo ndani ya lori. Kaya isisafirishwe kabla mtu wake hajakwenda kuona kilima na kurudi kuwaeleza wenzake. Ziara hizo za kwenda kuangalia ni nafuu kuliko hema moja. Kilima kizima kisaidiwe, aliyebaki na aliyerudi, ili mgeni asionekane kuwa ndiye anayekula peke yake. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ni mwanachama wake tangu 2007, iache kuliona suala la fidia ya ardhi kama siri ya ndani ya nchi moja, kwa sababu kila kesi iliyoshindikana Makamba inatufikia Kigoma ikiwa na miguu.

Lakini lipo dogo linaloweza kufanywa na nyinyi mlioketi hapa, bila kibali cha waziri. Kwenye mashauri ya ardhi ya mwaka 1972 ushahidi mara nyingi haumo kwenye karatasi. Umo vichwani mwa wazee: jirani wa upande wa ziwa alikuwa nani, mpaka ulipita kwenye mti gani, babu alipewa shamba na chifu yupi, nani alilima kando ya kijito. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini wakati ule leo amepita sabini. Wapo Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ni Watanzania sasa, wanasahau na wanakufa, na wajukuu wa ndugu zao wako kwenye mahakama za ng'ambo bila shahidi. Kinasa sauti mnacho kwenye simu zenu. Majalada ya zamani ya makazi yapo, na baadhi yameandikwa jina la kilima ambako kila familia ilitoka. Wanasheria vijana, walimu wa historia, makarani wa halmashauri: nendeni mkawasikilize wazee hao kwa idhini yao, muandike wanayoyasema, mweke nakala huku na nakala kule. Msingoje mradi.